Kutundika Machela kwa Usingizi Salama: Somo la Pembe, Uti wa Mgongo na Magoti

Utangulizi

Katika hospitali zetu neno machela humaanisha kitanda chepesi cha kubebea mgonjwa. Hapo zamani machela ilikuwa kitambaa kinachoning'inizwa kwenye mti mrefu na kubebwa mabegani, huku msafiri au mgonjwa amelala ndani yake. Makala haya yanahusu ndugu wa chombo hicho: machela ya kulalia, yaani kitambaa kirefu kilichokusanywa katika ncha zake mbili na kufungwa kwa kamba au mikanda kati ya miti miwili.

Machela ya namna hii imeanza kuonekana kwa wanafunzi wanaokwenda kukusanya data vijijini, watafiti wa misitu, waongoza watalii na vijana wanaopiga kambi milimani. Sababu zao zinaeleweka. Machela ni nyepesi, hukunjwa ikaingia mkobani, na humwepusha mlalaji na tope, mawe na wadudu watambaao. Hata hivyo, wengi huijaribu usiku mmoja tu na kuiacha. Huamka mgongo ukiwa umekakamaa, magoti yakiuma au mguu ukiwa na ganzi, nao huhitimisha kwamba machela haimfai binadamu mzima.

Hitimisho hilo si sahihi. Watu wa Karibi walikuwa wakilala katika machela za pamba kabla Wazungu hawajafika kwao mwaka 1492, na hadi leo familia nyingi katika rasi ya Yucatán huko Meksiko na kaskazini mashariki mwa Brazili hulala hivyo usiku kucha. Tofauti kati yao na mgeni wa machela imo katika namna ya kutundika na namna ya kulala. Mgeni huikaza machela ili iwe bapa kama kitanda. Mzoefu huilegeza, kisha hulala mshazari. Somo hili linaeleza kwa nini mzoefu ndiye aliye sahihi, na namna ya kufikia ulalo huo hatua kwa hatua.

Mwili unahitaji nini usiku

Uti wa mgongo wa mtu mzima una mipindo ya kawaida: shingo na kiuno huingia ndani kidogo, na sehemu ya kifua hubenuka kuelekea nyuma. Kati ya pingili na pingili kuna diski, ambazo mchana hupoteza maji kidogo kwa kubeba uzito wa mwili, na usiku huyarejesha mzigo unapoondoka. Ulalo mzuri ni ule unaouacha uti katika mipindo yake bila kuukunja mno, unaosambaza uzito juu ya eneo kubwa la ngozi, na unaomruhusu mlalaji kujigeuza. Kujigeuza si dalili ya usingizi mbaya. Ndiyo njia ya mwili kuondoa mgandamizo mahali pamoja kabla ngozi na neva hazijaathirika.

Sasa tutazame kinachotokea mtu anapolala machelani sambamba na mstari wa katikati, kichwa kwenye ncha moja na miguu kwenye ncha nyingine. Kitambaa kimejipinda kama upinde, na mwili haubudi kuufuata. Nyonga huzama mahali pa chini kabisa, kichwa na miguu hupanda juu, na mgongo wote hukunjika kuelekea mbele. Magoti hupata shida ya aina nyingine. Visigino vimeinuliwa na mapaja yameshikwa na kitambaa, lakini nyuma ya goti hapana kinacholiegemeza. Uzito wa mguu hulisukuma goti lipinde kinyume cha mkunjo wake, na kano za nyuma ya goti huvutwa kwa saa nyingi. Hayo ndiyo maumivu yanayomwamsha mlalaji saa tisa za usiku.

Mtu anapogundua hali hiyo, wazo la kwanza ni kuikaza kamba ili upinde upungue. Hapo matatizo mawili huzaliwa. Kwanza, kingo za kitambaa hukaza na kuinuka, zikambana mabega kama ganda la karanga, na mlalaji akashindwa kukaa mshazari. Pili, mvutano wa kamba huongezeka kwa kiasi ambacho wengi hawakitarajii.

Hesabu ya kamba

Tuchukue mtu mwenye uzito wa kilo 70 aliyelala katikati ya machela. Kila kamba inabeba nusu ya uzito wake kuelekea juu, lakini kwa kuwa kamba imelala kwa pembe, mvutano ndani yake ni mkubwa kuliko hiyo nusu. Kadiri kamba inavyokaribia kuwa mlalo, ndivyo mvutano unavyopanda. Mvutano katika kila kamba ni takriban huu:

Pembe ya nyuzi 45 kutoka mlalo: kilo 50
Pembe ya nyuzi 30: kilo 70
Pembe ya nyuzi 20: kilo 102
Pembe ya nyuzi 10: kilo 202
Pembe ya nyuzi 5: kilo 402

Nyuzi 30 ni pembe rahisi kukumbuka, kwa kuwa hapo mvutano katika kila kamba ni sawasawa na uzito wa mlalaji. Aliyeikaza machela yake mpaka kamba ikabaki na nyuzi 5 tu ameuzidisha mzigo huo karibu mara sita, bila kuongeza hata kilo moja mwilini mwake. Na hesabu hii ni ya mtu aliyetulia. Anayejitupa machelani huongeza mvutano papo hapo. Ndiyo maana fundo lililoshika jioni huachia usiku, na nguzo iliyoonekana imara huanguka. Nchini Marekani watu wamewahi kufa baada ya nguzo za matofali walizofungia machela kuwaangukia. Nguzo ya matofali hujengwa kubeba uzito unaoshuka kutoka juu, wala si kuvutwa kutoka ubavuni.

Kuchagua kitambaa, miti na mahali

Urefu wa kitambaa uzidi kimo cha mlalaji kwa takriban mita moja au zaidi. Mtu wa sentimita 170 anahitaji kitambaa kisichopungua mita 2.7, na mita 3 ni bora zaidi. Upana usipungue mita 1.4, kwa sababu ulalo wa mshazari unahitaji nafasi. Machela fupi na nyembamba inatosha kupumzikia baada ya chakula cha mchana, lakini haifai kulalia usiku kucha hata ikitundikwa kwa ustadi.

Mti uwe hai, usiyumbe ukisukumwa kwa nguvu, na unene wake usipungue ule wa paja la mtu mzima. Mgomba na mpapai haifai kabisa, kwa kuwa mashina yake ni laini. Mnazi ni imara, lakini mwenye kulala chini yake analala chini ya nazi na makuti makavu. Kabla ya kufunga, tazama juu: tawi lililokauka ni hatari kuliko fundo baya. Mahali pa kamba nyembamba, tumia mkanda mpana wa sentimita 2.5 au zaidi, ili usikate gome la mti. Chini ya machela ondoa mawe na visiki, na usiitundike juu ya bonde, ukingo wa mto au ngazi.

Hatua za kutundika

Kwanza, chagua miti iliyoachana kwa mita 3.5 hadi 4.5. Miti iliyo mbali zaidi hulazimisha mkanda ufungwe juu mno. Iliyo karibu mno huikunja machela kama mfuko.

Pili, funga mikanda. Kwa machela ya mita 3 na miti iliyoachana kwa mita 4, anza na kimo cha sentimita 170 hadi 180 kutoka ardhini. Kimo hicho kinatokana na hesabu ifuatayo: mikanda ikiwa na pembe ya nyuzi 30 hushuka kama sentimita 43, kitambaa chenyewe hushuka kama sentimita 83, na kikao kinatakiwa kiwe sentimita 45 juu ya ardhi. Jumla ni sentimita 171, na kinachoongezwa ni kwa ajili ya mikanda na kitambaa kunyooka vinapopata uzito. Umbali kati ya miti ukiongezeka nusu mita, pandisha mikanda kwa sentimita 14 hivi.

Tatu, pima pembe. Chukua karatasi yenye kona ya mraba, ikunje kona hiyo katika sehemu tatu zilizo sawa, na kila sehemu itakuwa nyuzi 30. Iweke kando ya mkanda mtu akiwa ameketi machelani, kisha ulinganishe. Si lazima pembe iwe kamili. Kati ya nyuzi 25 na 35 inatosha kuanzia.

Nne, funga kamba ya kipimo. Hii ni kamba nyembamba isiyonyumbuka, inayoziunga ncha mbili za kitambaa kwa juu. Urefu wake uwe takriban asilimia 83 ya urefu wa kitambaa, yaani mita 2.5 kwa machela ya mita 3. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba mpindo wa kitambaa ni uleule kila usiku, hata miti ikiwa na umbali tofauti. Mlalaji akishaingia, kamba hiyo iwe imenyooka lakini ikubali kukunjwa kidogo kwa vidole viwili. Ikikakamaa kama waya, mikanda imekazwa mno.

Tano, pandisha upande wa miguu uwe juu kuliko upande wa kichwa kwa sentimita 15 hadi 25. Kiwiliwili ni kizito kuliko miguu, na pasipo tofauti hiyo mwili huteleza polepole kuelekea miguuni usiku kucha.

Sita, ingia kwa utaratibu. Simama ukiipa machela mgongo, tandaza kitambaa nyuma yako, keti katikati kwanza, kisha inua miguu. Usitangulize goti wala usiruke ndani.

Saba, lala mshazari. Sogeza kichwa na mabega upande mmoja wa mstari wa katikati, na miguu upande wa pili, kiasi cha nyuzi 15 hadi 30. Utahisi kitambaa kikitandazika chini yako. Upinde umebaki palepale, lakini mwili wako haufuati tena sehemu yake yenye mpindo mkali. Nyonga hupanda, miguu hushuka, goti hupata kuegemea, na mgongo hukaribia kunyooka. Hilo ndilo jambo ambalo kukaza kamba hakuwezi kulileta.

Kusoma malalamiko ya mwili

Mara ya kwanza ni nadra kupata ulalo kamili. Rekebisha jambo moja tu kwa wakati mmoja, kisha lala dakika 15 kabla ya kuamua, kwa kuwa misuli huchelewa kulalamika.

Mabega yakibanwa, machela imekazwa mno. Legeza mikanda, au ongeza ushazari.

Kidevu kikiinama kifuani na nyonga kuzama sana, machela imelegea kupita kiasi. Refusha kamba ya kipimo kwa sentimita 3 hadi 5. Angalia pia mto wa kichwa: machela tayari imekiinua kichwa, kwa hiyo mto mdogo au nguo iliyokunjwa chini ya shingo inatosha.

Magoti yakiuma, huenda umerudi katikati bila kujua. Rudi mshazari, kisha weka nguo iliyoviringishwa chini ya magoti ili yakunjike kidogo.

Mwili ukiteleza kuelekea miguuni, pandisha upande wa miguu kwa sentimita 5.

Mguu ukifa ganzi, tazama ukingo wa kitambaa unapita wapi. Upande wa nje wa mguu, chini kidogo ya goti, kuna neva inayozunguka shingo ya mfupa mwembamba wa mguu. Hapo neva hiyo imefunikwa na ngozi na tishu kidogo tu, na mgandamizo wa muda mrefu unaweza kuidhoofisha mpaka mtu ashindwe kuinua wayo. Ganzi inayotoweka dakika chache baada ya kubadili ulalo haina madhara. Ganzi inayodumu, au wayo unaoburuta asubuhi, humtaka mtu afike hospitalini.

Baridi na mbu hutoka chini

Kitanda cha kawaida kina godoro linalomkinga mlalaji na baridi ya chini. Machela haina. Upepo hupita chini ya kitambaa na kuchukua joto la mwili, na blanketi ulilolilalia haisaidii sana, kwa kuwa hewa iliyokuwa ndani yake imekamuliwa na uzito wako. Joto la hewa hupungua kwa takriban nyuzi 0.6 za Selsiasi kila unapopanda mita 100, hivyo anayetoka pwani na kulala Lushoto au kwenye miteremko ya Uluguru atahisi tofauti kubwa. Weka godoro jembamba la sponji ndani ya machela, au tundika blanketi nje, chini ya kitambaa, lisigandamizwe na mwili. Mwili unaotetemeka haupati usingizi mzito hata ukiwa umenyooka vizuri.

Mbu nao huhitaji kufikiriwa upya. Chandarua cha kawaida hukinga juu na pembeni, na godoro hukinga chini. Katika machela, kitambaa chepesi kilichobana ngozi ya mgongo hakimzuii mbu kupitisha mrija wake. Kwa hiyo chandarua kiizunguke machela yote, chini pia, na kisigusane na mwili. Chenye dawa ni bora zaidi. Jambo hili limefanyiwa utafiti: katika mkoa wa Ninh Thuan nchini Vietnam, ambako wakulima hulala katika machela wanapokwenda kulima misituni, watafiti waligawa machela zenye vyandarua vilivyotiwa dawa ya kudumu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionesha kwamba malaria ilipungua zaidi katika jamii zilizopewa machela hizo kuliko katika zile zilizolinganishwa nazo. Kwa msafiri wa Tanzania fundisho ni moja: machela bila chandarua kamili isitumike usiku mahali penye malaria.

Je, kubembea huleta usingizi?

Wazazi wote wanajua kwamba mtoto akibembezwa hulala. Katika Chuo Kikuu cha Geneva, Uswisi, watafiti waliwalaza watu wazima kwenye kitanda kinachobembea taratibu, mzunguko mmoja kila sekunde nne. Mwaka 2011 walieleza kwamba katika usingizi wa mchana wa dakika 45 watu hao walisinzia upesi zaidi kitanda kilipobembea. Mwaka 2019, wakiwa na vijana 18 waliolala usiku mzima, waliona usingizi mzito ukiongezeka. Majaribio hayo yalifanywa kwa kitanda bapa kilichobembezwa na mashine, wala si kwa machela, ambayo hutulia dakika chache baada ya mlalaji kutulia. Yanatosha kueleza kwa nini wengi husinzia haraka machelani, lakini hayatoshi kuifanya machela kuwa tiba ya kukosa usingizi.

Nani asilale machelani

Mtoto mchanga asilazwe machelani. Shingo yake haina nguvu, na kitambaa kilichopinda hukiinamisha kidevu kifuani na kuweza kuziba njia ya hewa bila kelele yoyote. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja hulazwa chali, mahali bapa na pagumu kiasi.

Mama mwenye ujauzito wa wiki 28 na kuendelea hushauriwa kulala ubavu, jambo ambalo ni gumu kulidumisha machelani. Mwenye kifafa, mzee asiye na nguvu za miguu na mtu aliyelewa wako katika hatari ya kuanguka. Aliyefanyiwa upasuaji wa mgongo, au mwenye maumivu yanayoshuka kutoka kiunoni hadi mguuni, amwone daktari wake kwanza. Mwenye kukatika pumzi usingizini asibadili namna ya kulala bila ushauri. Kwa upande mwingine, mwenye kiungulia cha usiku huweza kupata nafuu, kwa kuwa kichwa na kifua huwa vimeinuka kidogo.

Maumivu ya mgongo yakifuatana na udhaifu wa miguu, ganzi kati ya mapaja, au kushindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, hilo si suala la machela tena. Nenda hospitalini siku hiyohiyo.

Hitimisho

Ubapa wa mlalaji hauletwi na ubapa wa kitambaa. Huletwa na kitambaa kilicholegezwa kwa pembe ya nyuzi 30 au karibu na hapo, na mwili uliolala mshazari juu yake. Kanuni hiyohiyo inayoupumzisha mgongo ndiyo inayopunguza mvutano wa kamba na hatari ya kuanguka. Mwenye kupanga safari aijaribu machela yake nyumbani mchana, apime, arekebishe, kisha aandike vipimo vilivyomfaa. Usiku wa kwanza porini usiwe usiku wa kwanza wa majaribio.

Maswali ya kujipima

1. Mtu wa kilo 60 amelala katika machela yenye kamba za nyuzi 30. Kila kamba ina mvutano wa kilo ngapi? Na zikiwa nyuzi 10?
2. Machela yako ina urefu wa mita 2.8. Kamba ya kipimo iwe na urefu gani?
3. Mwenzako analalamika kwamba mabega yanabanwa, naye anataka kuikaza machela zaidi. Utamshauri nini, na kwa sababu gani?
4. Kwa nini chandarua cha machela kinapaswa kufunika upande wa chini?

Majibu ya hesabu: (1) kilo 60, takriban kilo 173. (2) Takriban mita 2.3.